Mtani Wangu, Tajiri Wangu na Leseni Yangu

Nilipotoka jela, kurudi nyumbani Kibuta hakukunitisha. Kilichonitisha ni swali moja nililojua litakuja tu: ulijifunza wapi kuendesha gari? Maana nilikuwa na ufundi ambao vijana wenzangu wa kwetu waliuota usingizini, na jibu la kweli la swali hilo lilikuwa moja tu, jela.

Nieleze kwanza nilivyofika huko, msomaji asije akadhani nilivunja duka la mtu. Tarishi wa jumbe alikuja kwa mama kudai kodi ya kibanda. Baba alikuwa ameshafariki, mama hana kitu, na tarishi akaona hawezi kuondoka mikono mitupu, akang'oa mlango. Ulikuwa mlango wa fito na makuti, hata ukichomwa usingeivisha chungu cha muhogo. Lakini ulikuwa mlango wa mama. Nilitoka shamba nikamkuta jamaa kaubeba kichwani, mama yuko nyuma anamsihi, kanga imemwanguka begani. Mchi ulikuwa umelala kando ya kinu, nikauchukua. Mimi naona sikumpiga sana. Hakimu aliona nimempiga sana, na neno la hakimu ndilo lililofuatwa. Sijutii hata leo.

Jela walinitia kwenye genge la mawe. Mawe yalipakiwa machimboni yakapelekwa barabarani kwa gari la serikali, na dereva wa gari hilo, askari mtu mzima, alikuwa na matende mguu wa kushoto. Klachi ilikuwa adhabu kwake kuliko jela ilivyokuwa adhabu kwetu. Siku moja alitutazama tulivyokaa, akaninyooshea kidole kwa sababu, alisema, nina mguu mrefu. Akanifundisha kwa matusi ya nguoni, na nikajifunza upesi ili matusi yapungue. Mwisho yeye akawa anasinzia kiti cha pembeni, mimi nimeshika usukani na nguo zangu za jela, na askari mwenye bunduki kakaa juu ya mawe. Leseni sikuwa nayo. Nani angemkamata mfungwa kwa kuendesha bila leseni, na angempeleka wapi?

Basi nikatoka. Watu wa Kibuta walinipokea vizuri, kwa sababu hakuna aliyempenda tarishi yule. Mama akanipikia, majirani wakaja kunipa pole, na yote hayo yangeniridhisha kama nisingesikia kwamba tajiri wa Kihindi mwenye duka kubwa pale Kisarawe anatafuta dereva. Dereva wake wa siku zote alikuwa amechoshwa na vumbi, anarudi kwao Tanga. Gari lilikuwa lori lililonunuliwa jeshini baada ya vita, la kukusanya makopa ya muhogo, mpunga, korosho na makaa vijijini. Niliposikia habari ile mguu wangu wa kushoto ulianza kukanyaga chini wenyewe.

Nilikwenda dukani nimevaa shati la mjomba. Tajiri alikuwa mtu mwembamba, miwani imekaa kwenye ncha ya pua, anapima chumvi. Hakuinua macho.

"Wewe unajua gari?"

"Najua, bwana."

"Ulijifunza wapi?"

Jibu nilikuwa nimeliandaa njia nzima.

"Vitani, bwana."

"Vita vya wapi?"

"Bama, kwa Wajapani."

"Bama kukoje?"

"Mvua, bwana. Mvua nyingi."

Akainua macho. Alinitazama uso, akanitazama miguu mitupu, akarudi kwenye mizani yake. "Nilikuwa na dereva mtu wa jela," akasema. "Aliuza matairi yangu mawili, akaniambia yameibwa na fisi. Mimi sitaki tena mtu wa jela kwenye gari langu." Kisha akaniambia nikapate leseni ya magari ya mizigo, nikiipata nirudi, kazi ipo. Nilimshukuru, nikatoka.

Leseni ilitolewa Dar es Salaam, polisi. Nilikuwa nimetoka mikononi mwa serikali kwa shida, sasa nijirudishe mwenyewe kwa miguu yangu. Na kulikuwa na jambo jingine. Jela nilipakwa wino kidole gumba kikagandamizwa kwenye karatasi, na wenzangu mle ndani waliapa kwamba gumba lako likishaandikwa serikalini, popote utakapoliweka tena litapiga kelele. Waliapa kwamba kuna Mzungu kazi yake ni kutazama magumba tu, kutwa, kwa kioo. Sikujua kama ni kweli. Sikujua pia kama ni uongo. Nilichojua ni kwamba kwenye leseni mtu asiyejua kuandika huambiwa aweke gumba, na mimi sikujua kuandika.

Nikamwendea mwalimu mmoja wa misheni ya Walutheri, mtu wa kwetu, aliyekuwa akifundisha watoto si mbali na Kisarawe. Mimi ni Mwislamu na yeye alijua, lakini hakuniuliza chochote.

"Mwalimu," nilimwambia, "sitaki kusoma. Nataka kuandika jina langu basi."

"Herufi nyingine unaziacha?"

"Nitazirudia."

Alicheka, akanipa kibao na chaki. Nilikaa na watoto waliokuwa wakinizidi kila kitu isipokuwa ndevu. Walinicheka, nami hasira zilinipanda, lakini kila nikitaka kununa nilikumbuka lile gumba na yule Mzungu wa kioo, nikainama tena. Niliandika jina langu mpaka nikawa naliona kwenye ukuta nikifumba macho.

Siku ya leseni ilifika. Yule dereva wa Tanga alinipeleka mjini na lori lenyewe, mimi pembeni yake. Kwenye kituo kulikuwa na karani nyuma ya meza, Mwafrika mwenzetu, kola imemkaba. Akanisogezea kidau cha wino.

"Weka gumba hapa."

"Nitaandika, bwana karani."

"Wewe?"

"Mimi."

Akanitazama kama nimemwambia nataka kiti chake. Nikashika kalamu, nikaandika, na jina likaonekana limeandikwa ndani ya gari linalotembea. Lakini lilisomeka. Karani akalisoma kwa sauti, akavuta mdomo, akaniambia nikasubiri nje kwa Mzungu wa kujaribu madereva. Gumba langu nilikuwa nimelificha ndani ya ngumi muda wote ule.

Nje tulikuwa madereva kadhaa, kila mtu kasimama kando ya gari alilokuja nalo. Mzungu akatoka ofisini na viatu vyake vinalia kwenye changarawe, na hapo ndipo mwili wangu ulipotaka kuniua. Jela, mkubwa akipita, mfungwa huchutama. Unachutama, unaweka mikono magotini, unatazama chini, unasubiri kuhesabiwa. Nilikuwa nimefanya vile asubuhi na jioni mpaka hakikuwa tena kitu cha kufikiri. Mzungu alipofika hatua chache kutoka kwangu, magoti yangu yalikunjika yenyewe, nikajikuta nimechutama kando ya lori, mikono magotini, macho chini, mbele ya polisi, katika uwanja wa polisi.

Sikuwa nimewahi kuogopa vile. Niliona wazi kabisa kwamba nimekwisha. Viatu vikasimama mbele yangu. Mbele ya pua yangu kulikuwa na gurudumu, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya, nikanyoosha mkono nikaligonga. Nikaligonga tena. Nikapapasa nati zake moja moja kama natafuta iliyolegea. Kisha nikasogea vilevile nimechutama mpaka gurudumu la nyuma, nikaligonga na lile.

Mzungu akasema kwa Kiswahili chake cha bomani, "Huyu peke yake ametazama magurudumu. Ninyi wengine mnakuja kusimama tu." Akapanda kiti cha pembeni.

Niliendesha. Nilirudi nyuma kwenye mwinuko bila kuteleza, nilitoa mkono dirishani kila kona, nilisimama alipogonga dashibodi. Hayo yote nilikuwa nimeyafanya na shehena ya mawe, kwa hiyo lori tupu lilikuwa mchezo. Nilipata leseni. Yule dereva wa Tanga alinipongeza, akaniuliza mbona nalia, nikamwambia vumbi.

Nilidhani hofu imeishia pale. Asubuhi yangu ya kwanza ya kazi niliingia uani kwa tajiri, leseni mfukoni, nikaanza kuzunguka gari nikilipangusa, na juu ya magunia akasimama kuli mmoja, kifua wazi, jino la mbele halipo. Tulitazamana. Alikuwa Mnyamwezi, na tulikuwa tumevuta mnyororo mmoja kwenye genge la mawe. Yeye alifungwa kwa kutoroka shamba la mkonge kabla mkataba haujaisha. Jela tulilala ubavu kwa ubavu, na nilikuwa nimemsimulia habari ya tarishi na mchi mara nyingi kuliko inavyostahili, kwa sababu alikuwa akiipenda.

Tajiri alikuwa amesimama mlangoni. Mnyamwezi akajishika kiuno, akapaza sauti.

"Loo! Huyu ndiye dereva? Tajiri, umepewa mfungwa! Huyu si katoka jela juzi? Ficha matairi!"

Makuli wote wakaangua kicheko. Tajiri naye akacheka, akatikisa kichwa. "Wazaramo na Wanyamwezi," akasema, "mkikutana hamna kazi." Akaingia ndani.

Ni kweli sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za wapagazi waliokuwa wakipita kwetu na mizigo ya bara kwenda pwani. Mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi, mchawi, mla panya, mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unachoruhusiwa ni kumjibu kwa tusi kubwa zaidi. Kwa hiyo Mnyamwezi aliposema mimi ni mfungwa, hakuna aliyesikia habari, walisikia utani. Ukweli wangu ulitangazwa uani saa ya kupakia, na watu wakaendelea kupakia.

Lakini mimi sikulala vizuri tangu siku hiyo. Sikujua mtu yule ananisitiri au ananikumbusha kwamba amenishika. Tulipokwenda Vihingo kuchukua makaa, nilimvuta kando huku wenzetu wakishona magunia.

"Mtani, kwa nini unanisema?"

"Nisipokusema watajiuliza. Mnyamwezi kamwona Mzaramo, kanyamaza? Watasema hawa wana jambo. Nikisema, wanacheka wanakwenda zao."

"Na siku moja wasipocheka?"

"Kazi yako kunijibu tu. Sema mimi nimekula mbwa. Sema lolote. Mbona unakuwa bubu?"

Alisema kweli. Mimi si mtu wa maneno. Ningekuwa mtu wa maneno, yule tarishi angerudi kwake na kichwa kizima. Mnyamwezi kila aliponirushia neno, nilijilazimisha nijibu, na nililojibu lilitoka baridi, limechelewa, na watu wakacheka kwa kunihurumia. Yeye akafikia hatua ya kunifundisha njiani matusi ya kumtukana. Nilisahau kila yalipohitajika.

Hivyo ndivyo nilivyoendesha gari lile, na hofu kiti cha pembeni. Askari akisimama barabara ya Morogoro kutazama mizigo, jasho lilinitoka hata kabla hajafungua mdomo. Tajiri akiniita jina langu kwa nguvu kutoka ndani ya duka, nilidhani ameshajua, kumbe anataka nimsogezee pipa. Kila mtu wa Kibuta aliyeingia dukani kununua chumvi au mafuta ya taa nilimtazama kwa mlango wa nyuma, nikisoma midomo yake. Walikuwa wakinisalimia kwa furaha, "Hujambo dereva wetu!", na mimi nilikuwa nikiwajibu kwa haraka ili watoke. Mama mwenyewe alikuja mara moja kuona gari. Nilimfukuza, kwa adabu lakini nilimfukuza, kwa kuogopa atasema kitu. Alirudi Kibuta kwa miguu na mtoto wake ana lori.

Madereva wenzangu tuliokutana nao tukijaza maji kwenye rejeta waliniuliza mara kwa mara napata nini kwa tajiri yule. Nikiwaambia, walipigana vikumbo kwa kucheka. Walisema hata tanboi wao, msaidizi tu wa garini, angekataa. Niliendesha miguu mitupu, pedali zikiwaka moto kiangazi, na mwezi ukiisha nilipokea nilichopewa kwa mikono miwili. Nani angeomba zaidi? Mtu akiomba huulizwa wewe nani, umetoka wapi. Mimi nilitaka kila siku ipite bila kuulizwa.

Masika yalipoingia, mzee mmoja wa Dutumi alifariki. Alikuwa mkulima wa mpunga aliyemuuzia tajiri kwa miaka mingi, watu walioheshimiana, na tajiri akasema atakwenda mwenyewe kuzika. Tulipakia sanda, mchele na jamaa wa marehemu waliokuwa Kisarawe, Mnyamwezi akapanda nyuma na makuli wengine wawili, tukaondoka asubuhi na mapema. Kutoka barabara kubwa kuingia Dutumi ilikuwa njia ya udongo mweusi wa bonde la Ruvu, ule ambao ukilowa hauachii kitu. Kulikuwa kumekauka kidogo. Tajiri alikaa pembeni yangu akitazama mawingu.

Tulizika baada ya adhuhuri. Marehemu alikuwa Mzaramo, na kwenye msiba wa Mzaramo Mnyamwezi hafichiki. Mtani wangu alijitwisha kazi yote ya mtani msibani. Alikaa ukingoni mwa kaburi akizuia watu wasichimbe mpaka apewe chochote, alimwigiza marehemu alivyokuwa akipima mpunga kwa jicho moja, aliwafanya wajane wacheke na machozi yamewajaa. Nilimtazama kwa mbali nikaona kwamba ni mtu mwema, na kwamba namwogopa kuliko polisi.

Baada ya dua mawingu yalikuwa yameshuka. Tajiri akataka tuondoke kabla njia haijaharibika. Nilikwenda kwenye gari kuchukua hendeli ya kuwashia, maana lori lile halikuwashwa kwa kitu kingine, nikakuta haipo. Mnyamwezi alikuwa nayo. Amepanda juu ya kinu kilichofudikizwa, ameiinua hendeli juu kwa mikono miwili, na msiba wote umegeuka kumsikiliza.

"Gari haliondoki!" akatangaza. "Mnampandishaje Mhindi wa watu kwenye gari la mfungwa? Dereva huyu mnamjua? Alikula jela huyu! Alimpiga tarishi wa jumbe kwa mchi! Tarishi kabeba mlango kichwani, yeye kaja nyuma na mchi, pwaa! Mlango ukavaliwa shingoni!"

Watu walianguka kwa kicheko. Lilikuwa jambo la kuchekesha, nakiri, na alilisimulia vizuri, maana nilimfundisha mwenyewe. Lakini tajiri alikuwa amesimama nyuma ya wazee, mikono mgongoni, hacheki. Anasikiliza. Niliona miwani yake imenielekea. Sasa halikuwa tena neno tupu la mfungwa, mfungwa. Lilikuwa na tarishi, na mlango, na mchi, na mtu yeyote angeweza kwenda Kibuta kuuliza.

Nilipaswa kusema, wewe ndiye mwizi, ulimwiba mama mkwe wako ukamuuza kwa ugoro. Alikuwa amenifundisha lile hasa. Watu wangecheka zaidi, ningepokonya hendeli, tungeondoka. Badala yake nilimrukia. Nilimkamata shingo ya shati, nikamshusha kinuni, na kwa sauti iliyotoka imepasuka nikamuuliza, "Nani amekupa ruhusa ya kusema hayo?"

Kicheko kilikatika. Kumkasirikia mtani msibani ni jambo ambalo hata walevi wa kwetu hawalifanyi, na kila aliyekuwa pale alielewa maana yake. Utani wa uongo haumuumi mtu. Bibi mmoja alijishika mdomo. Mnyamwezi hakujitoa mikononi mwangu, alinitazama kwa huzuni, akasema polepole ili nisikie mimi tu, "Mtani, umekasirika. Sasa wataamini."

Mzee wa pale akasogea, akanitoa mikono. "Mwanangu, mtani hakasirikiwi. Utaleta kuku wa kumtaka radhi."

"Nitaleta, mzee. Nisameheni."

"Umeshasamehewa. Kuku ulete."

Tajiri akasema, "Twende, mvua." Akapanda. Mnyamwezi akaja mbele, akatia hendeli, akazungusha mara moja gari likawaka, akapanda nyuma na hendeli yake mkononi. Jamaa wa marehemu walibaki msibani.

Mvua ilitukuta bondeni. Njia ilianza kung'aa, kisha ikawa maji, na gari likawa linakwenda upande kama linataka kurudi Dutumi. Nilishika usukani kwa nguvu zangu zote na wala haikuwa njia niliyoiogopa. Nilikuwa nikisubiri tajiri afungue mdomo. Nilijua atakachosema, nilikuwa nimekisikia kichwani tangu siku ya chumvi. Ataniambia nikifika Kisarawe niache gari na niende zangu, na habari zitatembea, na hakuna mwenye gari kuanzia pale mpaka Morogoro atakayenipa usukani tena. Nitarudi kuvuta jembe Kibuta na leseni imekunjwa kwenye pindo la shuka. Nilitaka aseme upesi. Nilitaka asiseme kamwe.

"Ule mchi," akasema tajiri, "ulikuwa wa mti gani?"

"Bwana?"

"Watu wa Kibuta wengine wananiambia mpingo. Wengine wanasema mkwaju. Mimi nasema kama ungekuwa mpingo tarishi angekufa."

Nilimgeukia hata gari likaacha njia, nikalirudisha. "Nani... nani anakuambia, bwana?"

"Kibuta yote inanunua chumvi kwangu. Wewe ulifikiri wanazungumza nini wakingoja kupimiwa?"

"Tangu lini umejua?"

"Kabla hujaja kuomba kazi."

Maji yalikuwa yakipiga chini ya sakafu. Nikauliza, "Sasa mbona ulinichukua?"

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Mimi nimekaa na madereva tangu baba yangu yuko hai. Waliotoka vitani wanaomba viatu. Wanaomba likizo, wanaomba nyongeza, wanataka godoro. Waliotoka jela hawaombi kitu." Aliyasema bila ubaya wowote, kama anayenieleza mpunga gani unakaa ghalani bila kuota ukungu. "Na yule wa nyuma pia," akaongeza. "Makuli wazuri."

Hasira zilinipanda kutoka miguuni. Niliyaona yote kwa pamoja, mama akirudi Kibuta kwa miguu, askari wa barabarani, jasho, wale madereva wakicheka, mwaka mzima na zaidi wa kuogopa, na mtu huyu akiila hofu yangu kila mwezi kama riba. Mkono wangu wa kulia uliacha usukani. Uliacha kabisa. Na hapo nilijiogopa mimi, kuliko nilivyopata kumwogopa mtu yeyote, kwa sababu niliufahamu mkono ule na nilifahamu unakokwenda. Nikaupeleka kwenye swichi. Nikazima gari.

Ikabaki mvua, na vyura.

"Washa," akasema tajiri.

"Naomba mshahara wa dereva, bwana."

"Washa. Tutazungumza dukani."

"Tuzungumze hapa."

"Nitapata dereva mwingine kesho."

"Utampata, bwana. Leo yuko huyu." Angeweza kusema basi, shuka. Angeweza kwenda kwa bwana polisi na maneno yoyote anayotaka, na kati yake na mimi nani angesikilizwa? Nilijua hayo yote nikiwa nimetazama mbele.

Bati la nyuma likagongwa. "Mtani!" Mnyamwezi akaita. "Limezimika?"

"Halijazimika. Nimelizima."

"Unafanya nini?"

"Naomba nyongeza."

Niliwasikia wale makuli wawili wakinong'ona. Kisha hendeli ikagonga bati mara moja, kwa nguvu.

"Niombee na mimi!"

Tajiri alifungua mlango wake, akatazama chini maji yalivyofika kwenye ngazi, akaufunga tena. Alivaa miwani. Alinitazama kwa muda mrefu, na safari hii hakutazama miguu.

"Haya," akasema. "Unataka kiasi gani?"

Mwaka wote ule nilikuwa nikifikiria polisi tu, sikuwa nimefikiria kiasi.